Jicho la Sambaza

Zihalirwa ametandika gazeti juu ya meza,
nyuma ya duka la chaja na betri, pale Nyawera,
akapanga lenzi mbili na kikopo kilichofungwa,
akazivua vifuniko taratibu
kama mtu avuaye kofia msibani.
— Unataka kupiga nini?
Nikasema: jicho.
— La bibi harusi?
La sambaza.
Alicheka mpaka mvua ikakatika.

Lakini fikiri. Tangu niote meno nimewala
kwa bakuli, kwa kiganja, kwa mkebe wa maziwa uliobonyea,
vichwa na vyote, juu ya ugali wa muhogo,
na sijamtazama hata mmoja.
Kwa Nzigire, sokoni Kadutu, hakuna mmoja:
kuna fungu, kuna nyongeza juu ya fungu.
Hata lugha haikujisumbua kuwahesabu,
sambaza akiwa peke yake, sambaza wakiwa elfu,
neno ni lilelile.

Lenzi ya kwanza ni ya hamsini na tano.
Nyepesi, dola sitini, mikwaruzo miwili isiyo na neno.
Hii ni lenzi ya mtu asiye na haya:
inakutaka usogee mpaka pua ipate shombo,
mpaka kivuli cha kichwa chako
kimwangukie yule unayetaka kumwona.
Nimewahi kupenda watu hivyo.
Picha zilitoka nyeusi.

Ya pili, ya mia na tano, nzito kama pasi ya makaa.
Hiyo inabisha hodi na kubaki mlangoni,
inaliachia dirisha nafasi ya kupita kati yenu.
Nikaishika, mkono ukatetemeka,
si kwa uzito. Dola mia na themanini.
Nikairudisha juu ya gazeti, juu ya uso wa waziri fulani,
nikasema ni nzuri, ni nzuri sana.

Ndipo akafungua kikopo.
Pete tatu. Nikapenyeza kidole,
kikatokea upande wa pili.
— Mbona hazina kioo?
— Kioo unacho nyumbani. Hizi zinakisogeza mbali na filamu, basi.
— Kwa hiyo unaniuzia hewa.
— Hewa iliyopimwa, akasema. Dola ishirini.
Na ujue inakula mwanga.

Jumapili. Umeme haupo, ila dirisha lipo.
Pete zote tatu, na mbele yake hamsini yangu kuukuu;
sambaza juu ya kisosi, paka nje, analalamika.
Huzungushi kitu. Unajisogeza mwenyewe,
mbele unywele, nyuma unywele,
kwani ukali ni mwembamba kama ganda la kitunguu:
nikivuta pumzi, mboni inazama,
nikiitoa, yanaibuka magamba.
Yeye hatikisiki. Mwenye kutikisika ni mimi.

Kisha nikamwona.
Duara la fedha, ukingoni uzi wa rangi ya chai,
katikati weusi, na ndani ya weusi dirisha langu,
na katika dirisha gogo jeusi lenye masikio mawili.
Kichwa changu.
Nimerudia yaleyale.
Nikazungusha kisosi robo, nikahamia ubavuni,
magoti juu ya sakafu, shingo imepinda,
mwanga ukapita.

Picha thelathini na tano. Kama zimetoka, sijui.
Filamu ilipitwa na muda miaka sita iliyopita
na dawa ya kuisafishia naichanganya kwa kukisia.

Jumatatu nikamrudishia Nzigire bakuli lake,
nikamweleza habari ya jicho.
Akanitazama kama anayetafuta homa.
— Miaka kumi na minne unanunua kwangu,
na wa kwanza kupigwa picha ni samaki?
Akasimama, akajipangusa mikono kwa kitenge,
akasema anataka aonekane mzima,
na kilemba, na meza, na mizani.

Imebaki moja.
Nikavua pete, ya kwanza, ya pili, ya tatu,
nikazitia mfukoni,
nikarudi nyuma hatua nne, tano,
nikamkanyaga mwuza chumvi, nikaomba radhi,
nikarudi nyuma tena.